Mwaka Ambao Hakukuwa na Baiskeli Mbovu

Habari kwamba mzee Venansi ameisifu baiskeli ya gia ilienea mtaa mzima wa Mtendeni kabla mwenye baiskeli hajafika nyumbani kwake. Watu hawakuamini. Wapo waliosema fundi amelishwa kitu, wapo waliosema ni uzee, na muuza maandazi wa jirani akaapa kwamba alimwona mzee akilipapasa tandiko kama mtu anayempongeza mkwe. Kwa miaka thelathini na nane aliyokaa kwenye kibaraza cha duka la baiskeli la Navin, Venansi alikuwa na swali moja tu kwa baiskeli za aina hiyo, zenye matairi mapana na gia ishirini na moja, zinazoitwa za kupandia mlima. Aliuliza, "Tabora mlima uko wapi?" Halafu ndipo anaipima, na mara nyingi haikutoka salama mikononi mwake.

Kupima kwenyewe hakukuwa kwa macho. Wauzaji wengine watakuonyesha maandishi ya kwenye fremu, Bergano, Vertiko, na majina mengine yanayong'aa kama bati jipya, wakikuapia kuwa hii ni ya Mtaliano na ile ni ya Mjapani. Venansi alichukua kitambaa cheusi akalifunga jina la kampuni lisionekane. Alisema jina linamwongopea mwenye macho, kwani amewahi kukuta Bergano mbili zilizotoka kwenye kasha moja, moja ikiwa mali na nyingine takataka. Kisha alifunga gunia la mchanga nyuma, juu ya keria, maana baiskeli isiyobeba mzigo Tabora ni pambo tu, akaondoka nayo njia ya Isikizya. Hakufika Isikizya kwenyewe, ni mbali. Aligeuzia pale njia ya vumbi inapoachana na lami. Lakini ni yeye aliyeanzisha mzaha kwamba baiskeli lazima ikasikizwe Isikizya, na mji ukaudaka. Hata leo mvulana akileta posa Mtendeni, mashangazi wa binti huulizana kama ameshapelekwa Isikizya.

Njiani hakuzungumza na mtu. Alisikiliza. Habu, kitovu cha gurudumu, ina sauti yake, mhimili wa pedali una yake, cheni na spoki zina zao, na yeye alizijua zote kama mama ajuavyo kikohozi cha kila mwanawe. Akirudi alitoa neno moja kati ya matatu: nzuri, inavumilika, mbovu. Akisema nzuri aliongeza na misimu, kwani thamani ya baiskeli aliihesabu kwa misimu ya tumbaku ambayo itabeba kabla haijageuka kumla mwenye nayo kwa matengenezo. Baiskeli za zamani za Swala na Phoenix alizipa misimu kumi na tano, hata ishirini. Za gia zilipata miwili. Ikipata mitatu, mnunuzi aliondoka akipiga mluzi. Nyingi zilipata neno la tatu, na Navin alizirudisha kwa wakala wa jumla bila ubishi, huku Venansi akiwa ameshageuka kuziba pancha ya mtu mwingine.

Basi hebu fikiria mshangao wa watu alipoanza kusema nzuri. Ilianza na Vertiko ya katekista Wenceslaus, mvua za mwaka juzi zilipokatika. Wiki iliyofuata nzuri nyingine. Kisha nyingine. Misimu mitano, misimu saba. Kufikia mwaka uliofuata hakuna aliyekumbuka lini mzee alitamka neno la tatu kwa mara ya mwisho. Wazee wenzake walinuna, wakasema amesaliti chuma cha zamani. Vijana walishangilia. Mji mzima ukakubaliana kwamba viwandani huko wamejirekebisha, baiskeli za siku hizi ni baiskeli kweli, na Venansi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Hakuna aliyejiuliza swali lolote zaidi ya hapo. Watu wa mji huu tunapenda sana habari njema, hasa ikitoka kwa mtu mkali.

Lakini sifa hizo hazikumpa furaha aliyoitarajia. Akikaa kibarazani alasiri, Venansi aliona dunia imepoa. Ndege wamekwenda wapi? Alijua jibu: wakata mkaa wamemaliza miombo, ndege wamehama. Kwaya ya parokia nayo imekosa nguvu, vijana wanaimba kama wanaogopa kuamsha mtoto. Na watu, Mungu wangu, watu siku hizi wanaongea midomo imefumbwa, kila mtu ameinamia simu yake, ukimwuliza jambo anakunong'oneza. Alimlaumu kila mmoja na kila kitu. Bodaboda tu ndizo zilizobaki na sauti.

Alikumbuka zamani. Alikumbuka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu alipokuwa mtoto wa miaka kumi, wamefika kutoka Burundi na baiskeli moja ambayo baba yake Fideli aliisukuma njia nzima ikiwa na sufuria, blanketi, na yeye mwenyewe juu. Jioni wanaume walirudi kutoka kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, baiskeli mia na zaidi kwenye barabara moja, na Venansi aliyekaa mlangoni alikuwa akimwambia mama yake, "Baba huyo," wakati hakuna hata kivuli kilichoonekana. Mama yake, Esperansi, hakuwahi kutoka nje kuhakikisha. Aliinjika maji ya ugali. Yakichemka, Fideli anaegemeza baiskeli ukutani. Jirani walidhani mtoto ana dawa. Hakuwa na dawa, ila habu ya nyuma ya baiskeli ile ilikuwa inatatarika kwa namna yake, na yeye aliichagua kati ya zote.

Sikio hilo ndilo lililompa kazi. Mwaka wa themanini na saba alikuja mjini kuuza asali, akaingia duka la mama Sakarbai, mama yake Navin, kuomba maji. Mteja akatoka na baiskeli mpya. Venansi, bado ameshika kikombe, akasema ile haitafika stesheni, mhimili umepinda. Mteja alicheka. Baada ya nusu saa alirudi anaisukuma. Mama Sakarbai, mwanamke ambaye hakuwa na maneno mengi, alimtazama yule kijana wa asali juu ya miwani yake, akamwonyesha kibaraza kwa kidole. "Kaa pale," alimwambia. Alikaa pale mpaka mama huyo akafariki, mpaka Navin mdogo akawa Navin mwenye mvi, mpaka Demetria, mke wa Venansi, naye akazikwa. Ni kibaraza hicho tu ambacho hakikumfia.

*

Elieth alikuja Ijumaa moja kwa basi, na baiskeli juu ya keria la basi. Ni kitinda mimba wa Venansi, afisa mifugo kule Ziba, na kazi yake ni kuzunguka kwenye maboma ya wafugaji, peke yake, mahali ambapo unaweza kwenda mwendo wa saa tatu usikutane na mtu. Alikuwa amenunua Bergano kwa mfanyabiashara mmoja mnadani. Yule mtu alimpa wiki moja: asiporidhika airudishe. Elieth hakuhitaji wiki. Alihitaji neno la baba yake, lile lile alilolitegemea tangu utotoni, alipokuwa akipanda nyuma, juu ya gunia, kwenda Isikizya, huku amefundishwa kufunga mdomo ili mzee asikilize.

Alimwamkia shikamoo mara mbili ndipo akapata marahaba. Alidhani mzee amechoka.

Jumamosi asubuhi wakatoka. Venansi alifunga kitambaa kwenye fremu, akafunga gunia, akatangulia na Bergano. Elieth akafuata na Phoenix kuukuu ya nyumbani. Hawajamaliza nyumba za mwisho za mji, Elieth akasikia. Ko. Ko. Ko. Kila pedali ilipozunguka, kitu kiligonga ndani ya mhimili, wazi kabisa, kama mtu anayebisha hodi. Moyo wake ukatulia, maana angalau ameshajua, na yule mfanyabiashara wa mnadani ataipokea. Alisubiri baba yake atikise kichwa kama zamani, au ashuke aitupe majanini, jambo ambalo aliwahi kumwona akilifanya. Mzee hakushuka. Alipogeuka kidogo kwenye kona, Elieth alimwona anatabasamu.

Walifika panapoachana lami na vumbi. Venansi alishuka, akafungua kitambaa taratibu, akaipigapiga fremu.

"Nzuri," alisema. "Misimu minane. Hawa watu wamejirekebisha, mama, lazima tuseme ukweli. Zamani ningekwambia uitupe."

Elieth alicheka. Baba yake alikuwa mtani, na utani huu alidhani ameutayarisha tangu mjini. Akamwambia, haya baba, yatosha, nitairudisha Jumatatu. Lakini mzee alikuwa ameinama tayari anachunguza breki, mgongo kwake, na hakujibu. Elieth akaita, "Baba." Akaita tena. Akasogea hatua mbili, akaita kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Venansi aliendelea kupitisha kidole kwenye waya wa breki, akinong'ona wimbo fulani wa kanisani, na ndipo binti yake akashika mdomo kwa mikono yote miwili. Alilia pale pale barabarani, bila hata kutafuta mti wa kujificha nyuma yake.

Mzee alipogeuka na kumwona, alidhani amepigiwa simu ya msiba. Aliuliza nani. Elieth akamsogelea mpaka sikioni, akamweleza polepole, kwa sauti kubwa, kwamba baiskeli inagonga, inagonga tangu mjini, na kwamba amemwita mara tatu.

Venansi alikasirika. Nani wa kumfundisha mlio wa baiskeli yeye? Alisema Elieth amezoea makelele ya ng'ombe huko Ziba, masikio yake yameharibika. Alisema mambo mengine pia ambayo baadaye alitamani asingeyasema. Mwishowe, ili amkomeshe, aliilaza Bergano ubavu, akaweka kiganja kwenye mhimili na kuzungusha pedali kwa mkono wa pili. Kiganja hakina kiburi. Pedali ilipopita juu, kitu kikamdunda katikati ya kiganja, kikubwa, kizee, kitu ambacho mwanagenzi wa siku mbili angekisikia akiwa amelala. Alizungusha tena. Kikadunda tena. Akainua Phoenix yake, gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa nguvu na kulitazama linavyokimbia. Aliijua habu ile kuliko jina lake. Gurudumu lilikimbia kimya kimya mpaka likasimama.

Alikaa chini kwenye vumbi.

Elieth naye akakaa. Mzee alitazama miti, na binti yake hakujua anawaza nini mpaka alipouliza, kwa sauti ndogo ambayo bila shaka yeye mwenyewe hakuisikia, "Kwa hiyo ndege wapo?"

"Wapo, baba. Wako hapo juu yako sasa hivi, wanapiga kelele," Elieth alimwambia sikioni.

Venansi aliinua uso. Akawaona kweli, weusi wadogo, midomo inafunguka na kufungika. Hawakuhama. Kwaya haikulegea. Watu hawakuanza kunong'ona. Mwaka mzima na zaidi alikuwa ameisengenya dunia nzima, na dunia haikuwa na kosa lolote.

*

Huzuni ya masikio alikuwa nayo siku nzima, lakini jambo lililomnyima chai ni jingine. Baiskeli. Alianza kuzihesabu wakiwa bado njiani, na walipofika nyumbani alikuwa amefika ishirini na sita. Zote alizisema nzuri. Wenceslaus anaendesha Vertiko yake mpaka vigango vya mbali vya parokia. Mkunga Bernadeta ana Bergano, anaitwa huku na huku wakati wowote. Wakulima, wachuuzi wa karanga, baba mmoja anayempeleka shule mtoto mwenye ulemavu wa miguu. Mhimili ukikatika mtu akiwa kwenye mteremko, fundi aliyesema nzuri yuko wapi? Amekaa kibarazani anawaza ndege. Alimwambia Elieth kwamba jina lake lote, kila alichowahi kuwa katika mji huu, ni maneno yale matatu, na amekuwa akiyatoa kama pipi.

Elieth alisema wapumzike, waende kesho. Mzee alikuwa ameshavaa kofia.

Walimkuta Navin anapanga mipira ya ndani kwenye shubaka. Ni mtu mnene, mpole, ambaye duka hilo lilikuwa la babu yake kabla ya kuwa la mama yake, tangu siku ambazo misafara ya wapagazi ilipita Tabora kwenda Ujiji na ukoo wao ukiuza kaniki na shanga. Kwenye ukoo mzima hakuna aliyewahi kushika spana. Walishika mizani na daftari. Venansi alimweleza yote, wima, kofia mkononi, kama mtu aliyefika kituoni kujisalimisha. Akamwomba watume watu, baiskeli zote ishirini na sita zirudi, azifungue moja moja, na yeye mwenyewe atawaomba radhi wenye nazo kwa jina.

Navin hakushtuka. Hilo ndilo lililomtisha Venansi. Rafiki yake alitazama sakafu, akaenda nyuma ya duka, akarudi na kopo la maziwa ya unga, akalimimina mezani. Gololi za habu na mihimili zilitiririka, mamia ya gololi. Nyingi zilikuwa bapa upande mmoja, na baadhi zilikuwa vipande.

Alieleza akiwa karibu na sikio la mzee, bila haraka. Siku ile Vertiko ya Wenceslaus ililia kwa namna ambayo hata yeye, aliyekuwa ndani ya duka, aliisikia, na Venansi akasema nzuri. Alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, alimtumia katekista ujumbe kwamba wamesahau kufunga taa ya nyuma, baiskeli irudi, na usiku akaifungua mwenyewe. Alivunja mhimili wa kwanza. Akajifunza. Tangu hapo hakuna baiskeli iliyofika mbele ya Venansi kabla Navin hajaifungua uani, akatoa gololi za kiwandani, akatia nzuri na grisi safi. Mkewe, Mitali, alikuwa amechoka kufua mashati. Na kweli Venansi alikuwa ameona kucha za rafiki yake zimekuwa nyeusi mwaka mzima, ila alidhani ameanza kupaka nywele piko na akaona ni adabu kunyamaza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia mara tatu," Navin alisema. "Kila nikikwambia, ulinijibu habari za mvua."

Elieth alishindwa kujizuia, akacheka huku machozi yakimtoka. Baba yake hakucheka. Hofu ya zile ishirini na sita ilikuwa imemtoka, akabaki na shukrani, lakini nyuma ya shukrani kulikuwa na kitu kingine kinachochoma. Kwa hiyo zilikuwa nzuri kweli, na si kwa sababu yake. Kwa hiyo alikuwa akipanda baiskeli zilizokwisha kupona, akienda na kurudi na kitambaa chake cheusi, mtu mzima na akili zake, mji mzima unamtazama.

"Umenifanya kinyago cha dukani kwako," alisema.

Navin alianza kuzirudisha gololi kwenye kopo, kisha akamrudia sikioni. "Mama aliniachia neno moja tu. Nisiuze baiskeli ambayo Venansi hajaisikia. Hakuniambia nifanye nini siku Venansi asiposikia."

Mzee alitoka akakaa kibarazani mahali pake, mgongo kwa duka. Elieth alitaka kumfuata, Navin akamshika mkono, amwache kidogo. Walimwacha. Mtaa ulikuwa na watu wa Jumamosi, wanapita wanamsalimia, na yeye alikuwa akiwatazama midomo na kuinua mkono.

Hapo ndipo alipofika Habimana. Huyu ni mkulima wa Ulyankulu, amemaliza kuuza tumbaku yake, na baba yake pia alinunua baiskeli kwa sikio la Venansi. Alikuwa ameichagua Vertiko nyekundu iliyoshushwa kwenye lori asubuhi ile ile, keria limefungwa tayari, na alitaka kuondoka nayo leo. Navin alitoka haraka kidogo kuliko kawaida yake. Alisema nati za keria hazijakazwa vizuri, afadhali Habimana apitie kesho mchana.

Venansi alimsoma midomo vizuri sana. Alijua kesho mchana maana yake nini. Jioni Navin atakunja mikono ya shati, ataichukua Vertiko uani, na kesho yeye ataipanda, atatabasamu, atasema misimu saba. Ingeweza kuendelea hivyo mpaka mmoja wao afe. Angebaki na jina lake, zima, lisilo na doa, na hakuna ambaye angejua ila watu watatu wanaompenda.

Alisimama.

"Habimana mwanangu," alisema, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, kwa hiyo ilikuwa kubwa mno na ilifika mpaka kwa muuza maandazi. "Mimi masikio yamekufa. Yana mwaka yamekufa na sikujua. Siwezi kukupimia."

Watu waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Mwanamke mmoja alitua beseni lake. Habimana alivua kofia, akaishika, akaangalia baiskeli, akamwangalia mzee, na akauliza swali la mkulima ambaye ana safari ndefu mbele yake.

"Sasa nani atanisikilizia?"

Elieth angeweza, lakini baiskeli ilikuwa ya Navin na mji ulikuwa wa Navin, na yeye Jumatatu angekuwa Ziba akimrudishia mtu wa mnadani Bergano yake. Na Navin, watu walifikiri, Navin ni mwenye duka. Mwenye duka hasikii ubovu wa mali yake, hajawahi, tangu enzi za shanga.

Navin alishuka kibarazani. Akaiinua Vertiko nyuma kwa mkono mmoja, akapiga pedali kwa mwingine, gurudumu likazunguka. Aliinamisha kichwa, akafumba macho. Mtaa ulinyamaza, na Venansi, ambaye kwake mtaa ulikuwa umenyamaza siku nyingi, alijua tu kwa kuziona nyuso. Kisha Navin alimsogelea, akaweka mdomo sikioni mwake, na kwa kuwa sikio lile lilihitaji sauti, kila mtu alisikia.

"Habu ya nyuma. Inasaga."

Venansi aliweka kiganja kwenye bega la rafiki yake. Kuna kusaga na kusaga. Uchafu ukiingia, husaga kama mchanga, na hiyo ni kuosha na kutia grisi tu, mtu anaondoka na baiskeli yake. Gololi ikipasuka, husaga kama karanga mdomoni, na baiskeli hiyo haipandi mtu.

"Inasaga kama mchanga au kama karanga?"

Ingetosha Navin kusema mchanga. Nani angejua? Mnunuzi alikuwa mbele yake, tayari, na lori lingine lisingekuja kabla ya mwezi kwisha. Elieth alikuwa amesikia, na aliinamisha macho ili asimshurutishe mtu. Navin alipiga pedali tena, akasikiliza mpaka gurudumu likasimama lenyewe, akarudi sikioni.

"Kama karanga."

Venansi alivuta pumzi. Aligeuka kwa Habimana, akajinyoosha mgongo.

"Mbovu," alisema.

Neno lilimtoka kwa raha kiasi kwamba alilirudia, mara hii taratibu, akilitafuna. Mbovu. Habimana alitikisa kichwa kwa heshima kama baba yake alivyokuwa akitikisa, akasema basi atarudi gari jingine likishusha mzigo, akavaa kofia na kwenda zake. Mwanamke wa beseni alijitwisha. Navin alibaki ameshika usukani wa baiskeli ambayo ameikosesha mnunuzi kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Mtendeni yote, na akaanza kucheka. Venansi hakukisikia kicheko hicho. Aliona tu mabega mapana ya rafiki yake yakitikisika, shati lenye madoa ya grisi likipanda na kushuka, akaanza kucheka naye.